Jina Moja Katika Orodha ya Katibu

Habari ilinikuta Jumanne asubuhi hapa gazetini, nikiwa nabishana na mhariri wangu kuhusu safu ya wiki hii, ambayo ilikuwa iwe juu ya mifereji iliyokauka. Askari wa mlangoni alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akaniambia kuna mama chini ametumwa kutoka Dandora na amekataa kuketi. Mtu akikataa kiti huwa amebeba neno zito. Nilishuka, nikamsalimu, naye akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Katibu ametuacha,” akasema. “Jana mchana. Hakuteseka sana.” Nilirudi juu nikamwambia mhariri mifereji itangoja, kwa kuwa imeshazoea kungoja. Akanitazama usoni, akafunga daftari lake.

Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua mkono wangu ni mzito katika kusifu. Nimeshaandikiwa barua nyingi za kunilaumu kwamba hata harusi naweza kuitafutia kasoro. Haya, leo nipumzisheni na sifa hiyo. Namwandikia mtu aliyenifaa, na sitaona haya kusema kwamba nilimpenda kama mtu anavyompenda ndugu yake. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa, na kwa sababu mitaa yote ya Eastlands, huku mashariki mwa jiji, iliyomjua ilimwita Katibu, tangu nilipomfahamu hadi juzi.

Alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha blanketi, kule Eneo la Viwanda. Mtu mfupi, mwenye kikohozi cha vumbi la pamba kama sisi sote tuliofanya kazi humo, kazi yake ya mshahara ikiwa kupima marobota ya nyuzi stoo. Alikulia Ukambani katika nyumba ya wachongaji, na ingawa hakuwahi kuuza kinyago hata kimoja, kisu hakikumtoka mfukoni. Alichonga miiko. Ukimpelekea shida yako hakukujibu papo hapo. Alichukua kipande cha mti, akaanza kukichonga, nawe ungojee. Nyumba nyingi za kando ya Jogoo Road zilisonga ugali kwa miiko iliyozaliwa na matatizo ya watu.

Mimi nilikuwa mpangaji wake. Alikuwa na nyumba ya kupanga ya baraza la jiji, ya vyumba viwili, yeye na mkewe na watoto wakalala kimoja, mimi nikapewa cha pili. Jambo hilo lilikuwa marufuku. Mkataba ulisema nyumba ni ya mwenye jina na jamaa yake tu, na mtaa mzima ulikuwa umejaa watu wasio jamaa ya yeyote. Basi kila nyumba ilikuwa na hadithi yake tayari, ikingojea watu wa kanjo, wale wa baraza, wapite kukagua. Kwetu, mimi nilikuwa dada mdogo wa Katibu, mjane. Yeye Mkamba, mimi Mtaita, na ukituweka pamoja ungejua Mungu hakutuchimba katika shimo moja. Lakini nilipewa jina la baba yake, nikafiwa na mume kabla sijaolewa, na mkewe akaanza kuniita wifi ili ulimi uzoee. “Wifi, leta maji.” “Wifi, chai imepoa.” Karani wa nyumba alipobisha mlango, hakuna aliyegugumia. Katibu alitaja majina ya watu wake kama anasali, na langu likiwa la mwisho.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapo ndipo mkasa ulipoingilia. Kiwandani tulikuwa wanawake ishirini na sita katika chumba cha kuchambua pamba. Tuliomba vitambaa vya kufunika pua, tukaambiwa tuvumilie. Siku moja tuliketi chini tukakataa kuanza kazi, na kesho yake sote tukafutwa. Chama kilipeleka shauri letu mbele, likapanda ngazi zake taratibu hadi mahakama inayoamua migogoro ya kazi. Ilitakiwa orodha ya waliofutwa. Langoni mwa kiwanda kulikuwa na walinzi na watu walihofia kuonekana, kwa hiyo Katibu akapita nyumba kwa nyumba, Kaloleni, Makongeni, Bahati, akiandika namba ya nyumba na kando yake jina. Kila mlango aliuliza swali moja: jina lako kwenye kadi ya kazi ni lipi? Aliuliza milango ishirini na mitano. Mlango wa ishirini na sita ulikuwa wake mwenyewe. Akaingia amechoka, akaketi, akavua viatu, wala hakuniuliza kitu. Aliandika namba ya nyumba yake na kando yake akaandika kile alichozoea kumjibu karani wa kanjo.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa mtamu. Mahakama iliamuru tajiri wa kiwanda awarudishe kazini wote waliotajwa katika orodha, na vitambaa vya pua wapewe. Tulifika langoni siku hiyo tumevaa nguo za kanisani. Meneja alisimama na karatasi mkononi akawa anaita, na kila aliyeitwa alionyesha kadi yake akapita. Walipita ishirini na watano. Kisha akalisoma jina la ukoo wa Katibu, akalirudia, akainua macho. Nikatoa kadi yangu. “Hili si jina lako,” akasema. “Huyu wa hapa hatumjui, na wewe haumo.” Lango likafungwa. Katibu alikuwa ndani upande wa stoo, nikamwona amesimama nyuma ya waya, ameshika kichwa. Alikuwa amejua kabla sijamweleza.

Msomaji wa leo, mwenye ofisi na simu mezani, huenda akasema ni jina tu, liandikwe upya. Enzi hizo mtu aliyefutwa katika kiwanda kimoja hakupokelewa katika cha pili. Malango yale yalikuwa yakisimuliana habari. Wadogo zangu wawili walikuwa shuleni kwa mikono yangu hii. Na mahakama ilikuwa imeshasema. Wakili wa tajiri alijibu barua ya Katibu kwa mistari michache: uamuzi ni wa mwisho, haukatiwi rufaa, mahakama imemaliza kazi yake na haina uwezo wa kuurudia. Nilipoisoma barua ile nilikaa kitandani nikafungasha nguo zangu. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu zilikuwa juu ya Katibu, nikamwambia hivyo hivyo: “Umeniandika kwa ajili ya kanjo, Katibu. Mimi si kazi ya kanjo.” Hakujitetea. Alichukua kipande cha mti.

Siku zilizofuata aliazima kitabu cha sheria kwenye makao ya chama, akakisoma akifuata mistari kwa kidole. Alichokipata alinieleza siku ya Jumapili, tukiwa uani. Wakili hakusema uwongo, akaniambia, ila alisema nusu. Ni kweli mahakama ikishaamua haiwezi kuketi tena kupima kama iliamua vizuri au vibaya. Haiwezi kuongeza wala kupunguza. Lakini wenye shauri wakishindwa kuelewana juu ya maana ya uamuzi wenyewe, wanaweza kurudi kuuliza: ulipotamka hivi, ulikusudia nini, au ulimkusudia nani? Akanionyesha mwiko uliokuwa mkononi. “Nikishakata hapa siwezi kuurudisha mti,” akasema. “Ila nikiulizwa huu ni mwiko au ni upawa, nitajibu, kwa sababu mimi ndiye niliyeuchonga.”

Wiki hiyo hiyo alikuja mtu wa tanuri la mvuke la kiwandani. Alikuwa amefutwa siku nane baada yetu, kwa kosa jingine la kusingiziwa, na alikuwa na watoto watano. Aliketi kwenye kiti cha Katibu bila kukaribishwa. “Katibu, mnarudi kule kortini,” akasema. “Niandike na mimi. Ni jina moja tu, nani atajua?” Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nakiri moyo wangu ulimwonea huruma, nikataka Katibu aseme ndiyo. Katibu alichonga kwa muda. “Wewe una haki yako,” akamwambia, “lakini haimo humu. Walipoamua hawakusikia habari zako. Nikikuingiza, wakili atasema tumekuja kuanza kesi upya, na atakuwa anasema kweli. Wewe hutarudi, na huyu dada hatarudi.” Mtu wa tanuri akasimama. “Kwa hiyo yako inarekebishwa, yangu hapana?” Katibu akamjibu, “Yako tutaiandika peke yake. Tuanze leo.” Wakaanza kweli, pale pale mezani. Shauri lile lilichukua muda mrefu na mwishoni hakulishinda. Alipata kazi kwingine, nje ya viwanda, lakini kwa miaka mingi tulipokutana Muthurwa alinipita kama nguzo ya taa, na sikumlaumu.

Kabla ya siku ya mahakama, kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti. Ili kuthibitisha kwamba jina lile lilikuwa mimi, Katibu angelazimika kueleza kwa nini liliandikwa. Na kueleza ni kukiri kwamba amepangisha chumba cha baraza. Nilimshauri aseme kalamu iliteleza. Mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. “Mficha uchi hazai,” akasema. “Nenda kaseme, Baba. Nyumba ni ukuta tu.” Nasikia watu wakimsifu Katibu kwa ujasiri, nami namsifu, lakini neno hilo lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa na watoto wanne na jiko moja.

Mahakamani Kiingereza ndicho kilichotawala, ila Katibu aliomba mkalimani ili yeye azungumze Kiswahili. Baadaye aliniambia alitaka, kama ni kukosea, akosee kwa lugha anayoijua. Wakili alikuwa kijana mwerevu, suti yake imenyooka. Alirudia kwamba uamuzi ni wa mwisho, na kwamba ombi hili ni kesi mpya iliyovalishwa nguo kuukuu. Jaji akamgeukia Katibu. “Unataka mahakama ibadilishe uamuzi wake?”

“La, mheshimiwa,” akasema Katibu. “Naomba mahakama iseme ilimkusudia nani. Kama haikumkusudia huyu, turudi nyumbani.”

Wakili akainuka. Akauliza kama mwanamke wa kwenye orodha ni dada yake. Kama ni dada yake, basi jina ni sahihi, na mtu huyo hajawahi kuajiriwa kiwandani. Kama si dada yake, anaishije katika nyumba ile? Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma, nimekishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Katibu akatoa kikohozi chake, akasema, “Si dada yangu. Ni mpangaji wangu. Nimempangisha chumba kinyume cha mkataba, na watu wa nyumba wakija huwa nawaambia ni dada yangu. Siku ya kuandika orodha niliandika uwongo wangu mahali pa jina lake. Kosa ni langu, si lake wala si la mahakama.” Kisha akaonyesha namba ya nyumba iliyokuwa kando ya jina, na kitabu cha kodi cha nyumba hiyo. Katika nyumba ile hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefanya kazi kiwandani.

Jaji alinong’onezana na wajumbe wake wawili, akasoma jibu fupi. Mahakama haina uwezo wa kumwongeza mtu wa ishirini na saba, wala kuupima upya uamuzi wake, na mtu yeyote asichukue siku hii kuwa ruhusa ya kufanya hivyo. Inatamka tu kwamba ilipoamuru watu ishirini na sita warudishwe, wa ishirini na sita alikuwa huyu, na jina lake la kazi ni hili. Basi, ikawa imeisha. Jumatatu niliingia lango lile lile, na meneja, simnyimi haki yake, alinisalimu. Wadogo zangu walimaliza shule. Mimi nilisoma masomo ya jioni kwa miaka mitatu, nikaandika barua kwa mhariri mmoja kulalamikia vumbi la pamba, naye akanijibu niandike nyingine. Hizi safu mnazozilalamikia zilianzia hapo, kwa hiyo na ninyi mna deni lenu kwa Katibu.

Barua ya nyumba ilifika kabla ya mwezi kwisha. Haikuwa ya ukatili; ilisema mkataba umevunjwa, na kweli ulikuwa umevunjwa. Niliwasaidia kubeba vyombo, nikashindwa kuwatazama machoni. Walipata kiwanja Dandora, kimoja cha vile vilivyogawiwa watu wajijengee, choo na bomba vikiwa tayari na mengine juu yako. Walianza na mabati, wakapandisha chumba kimoja, kisha cha pili. Nilipowatembelea mara ya kwanza Katibu alinizungusha kwenye matope yale kana kwamba ananionyesha ikulu. “Huku kupangisha ni ruhusa,” akasema. “Hakuna wa kuniuliza wewe ni nani wangu.” Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kunikumbusha alichopoteza kwa ajili yangu, hata kwa utani, na mnajua Wakamba kwa utani.

Nimefikiri sana wiki hii kwa nini kisa hiki kidogo kimenikaa kuliko maandamano na hotuba nilizoziandikia habari. Sisi watu wa mitaa hii hatupendi jambo liishe. Ugomvi wa bomba ukiamuliwa Jumapili, Jumatatu aliyeshindwa amerudi na mashahidi wapya, na tunaita huko ni kutafuta haki. Nilipokuwa kijana niliuona mlango uliofungwa wa mahakama kuwa adui. Katibu ndiye aliyenielekeza upande wa pili wa mlango. “Wenzako ishirini na watano wako ndani,” aliniambia wakati ule. “Tukiubomoa mlango kwa ajili yako, kesho tajiri ataupitia huo huo kuwatoa. Yeye ana mawakili wengi kuliko sisi.” Alitaka tundu la ufunguo tu, na alipolipata hakutia mkono mzima. Na jambo la pili ni lile neno lake, kosa ni langu. Nimekaa mbele ya wakubwa wengi na daftari langu, nimesikia kosa likipewa dereva, likipewa mvua, likipewa karani aliyestaafu. Neno lile nimelisikia likisemwa kavu kavu, mbele ya mtu anayeliandika, mara moja tu.

Tumemzika Jumamosi kwao, kwenye mteremko wa mawe mekundu. Mtu wa tanuri alikuja, amezeeka, akashika koleo kabla ya wengine, na tulipokutana macho aliniitikia kwa kichwa. Kabla ya ibada tuligawiwa karatasi ya mazishi iliyopigwa taipu, nikaisoma kama ninavyosoma kila kitu, nikitafuta kosa. Nikalipata. Katika orodha ya ndugu aliowaacha, mstari wa mwisho, palikuwa na jina langu la kwanza na baada yake jina la baba yake Katibu. Lile lile la orodha. Nikatoa kalamu, nikamwendea mjane wake, nikamwambia kwa upole kwamba hapa mpiga taipu amekosea, huenda ameokota karatasi ya zamani, na bado kuna muda wa kusahihisha.

Aliichukua karatasi, akaitazama, akanirudishia. “Hajakosea mtu,” akasema. “Mwenyewe ndiye aliyeniandikisha, kitandani, na akataka nimsomee mara mbili. Nikamwambia, Baba, si wewe uliyesema mbele ya jaji kwamba huyu si dada yako? Akaniambia mahakama iliulizwa jina lake la kiwandani tu, ikajibu. Hayo mengine haikuulizwa.” Kisha akasogea kwenye benchi la mbele, akapiga ubao wake kwa kiganja. “Kaa, wifi. Hapa ndipo pako.”

Nikarudisha kalamu mfukoni. Nimeishi kwa kusahihisha maneno ya watu, na hilo sikuwa na uwezo juu yake. Nilikaa na dada zake wengine, nikamlilia kaka yangu.